Senene wa Tarehe Kumi

Senene, wale panzi wa msimu wa mvua, hawahitaji mafuta ya dukani. Ukiwatia chunguni wanatoa mafuta yao wenyewe, wanalia chwaa, na harufu yao inapita kwenye migomba mpaka kwa jirani, ambaye hapo hapo anakumbuka kwamba alikuwa na neno la kuja kukuambia. Kwetu, upande wa Rubya, harufu hiyo ndiyo ilikuwa kalenda. Tukiisikia tunajua Desemba imefika na Noeli haiko mbali. Mimi nilijua na jambo lingine, kwamba siku yangu imekaribia, kwa sababu nilizaliwa siku ya Uhuru. Ndivyo nilivyoambiwa nyumbani, na kadi ya ubatizo ilisema hivyo hivyo: Adventina, tarehe tisa Desemba, mwaka sitini na moja. Nilitembea kijijini kama mtu ambaye bendera ilishonwa kwa ajili yake.

Mwaka wa sabini na moja Uhuru ukatimiza miaka kumi. Nilikuwa darasa la tatu, na niseme mapema kwamba shule yangu iliishia la nne, kwa hiyo msomaji asinikagulie mwandiko. Mwalimu mkuu akatangaza kwamba mtoto aliyezaliwa siku yenyewe ya Uhuru ndiye atakayevuta kamba na kupandisha bendera mbele ya mgeni wa wilaya. Nikanyoosha mkono mpaka bega likauma. Kumbe nyuma yangu Projestus, mtoto wa jirani yetu, amenyoosha wake. "Msichana hawezi kamba," akasema. "Atapanda yeye, bendera ibaki chini." Nikamwambia kichwa chake kikubwa kitamziba mgeni asione chochote. Darasa likacheka, mwalimu akatuchapa wote wawili, moja moja, bila upendeleo.

Nyumbani mambo yalikuwa makubwa zaidi. Zamani mwanamke wa Kihaya alikwenda kukamata senene, akawachambua mabawa na miguu, akampelekea mumewe, na mume akamnunulia nguo. Mwenyewe hakuwaonja. Mwanamke kwetu hakula senene, wala msichana, na usiniulize kwa nini, mimi niliuliza nikafinywa. Basi msimu ule Mama alipata kitenge chake, cha kijani, kizuri mno. Akakiangalia siku mbili, siku ya tatu akakipeleka kwa fundi, nikashonewa gauni la kupandishia bendera. Yeye Noeli angekwenda kanisani na kile cha zamani kilichopauka. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Kumkosa mgeni wa wilaya ningeweza kuvumilia, lakini kitenge cha Mama kilikuwa kimeshakatwa.

Kadi ya Projestus nayo ilisema tarehe tisa. Mwalimu akaamua waje watu waliotupokea tulipozaliwa. Upande wa Projestus akaja shangazi yake, akasema siku ile kijiji kizima kilikwenda uwanjani, yeye akabaki peke yake na mzazi, ngoma wakizisikia kwa mbali, akiwalaani wachezaji kwa sababu hakuwa na mtu wa kumtuma maji. Upande wangu akaja Mukaka, yaani bibi yangu mzaa baba, pamoja na Baba mwenyewe aliyevaa koti.

"Mwalimu waitu," Mukaka akaanza, "huyu nilimpokea kwa mikono hii. Tulikuwa tumetoka misa, padre amehubiri mpaka njaa imetuuma..."

Baba akakohoa.

"Misa ya siku gani, Mama?" mwalimu akauliza.

"Kwani misa ya watu wote ni ya siku gani? Jumapili!"

"Uhuru ulikuwa Jumamosi, Mama."

"Najua. Jumamosi huyu mwanangu alikwenda kucheza Uhuru. Jumapili nikamtumia mtu amwambie amepata mtoto, akamkuta bado anacheza, kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, mkononi."

Walimu wakaangua kicheko. Baba akavua kofia, akaivaa tena. "Mwalimu," akasema, "kwangu mimi Uhuru ulikuwa haujaisha." Na kweli, aliniandikisha kwa padre hivyo hivyo bila kudanganya. Siku mbili kwake zilikuwa moja.

Tarehe tisa nilisimama mstari wa tatu na gauni langu la kijani. Projestus alivuta kamba, bendera ikakwama katikati ya mlingoti, nikafurahi, jambo ambalo baadaye nililiungama. Alipovuta tena ikapanda mpaka juu, na watu walipopiga makofi nikajikuta nami napiga. Mama alinirekebisha ukosi tu.

Asubuhi ya pili yake Mukaka aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa na jani la mgomba limefungwa, linavuja mafuta. Akafungua: senene, bado wa moto. Nikarudi nyuma. "Ya jana ilikuwa siku ya watu wote," akasema. "Leo ni yako. Kula, na ukimwambia baba yako nitasema umeota." Tukala wote wawili tumechuchumaa, bibi na mjukuu. Sijawahi kula kitu kitamu vile, na kilichonishangaza ni jinsi Mukaka alivyojua kutenganisha miguu iliyosahaulika kwa ulimi. Yule hakuwa anaanza siku ile.

Karatasi zangu zote mpaka leo zinasema tisa. Wajukuu wanakuja siku hiyo na keki kutoka Bukoba mjini, wananiimbia, na redio nayo inapiga gwaride kana kwamba tumeelewana. Nakula keki yao, nashukuru, sisahihishi kitu. Siku hizi wanawake wanakula senene barabarani, wanawanunua kwenye vifuko, hakuna anayefinywa. Lakini kesho yake, wakishaondoka, natia chungu changu jikoni, nakaanga mwenyewe mlango wazi, na mwaka jana Projestus, mzee mwenzangu, kichwa kile kile, alifika na mkongojo akisema alikuwa na neno la kuja kuniambia. Nikamsogezea kigoda. Neno lenyewe hajalisema mpaka leo.