Kipima dawa cha mkononi kilivyonifanya nimshuku Mama Yvonne, kambini Kigoma

Wakuu, heshima kwenu. Hili nimekaa nalo muda mrefu. Siongezi chumvi, na nilipokosea nitasema.

Miaka ile Warundi wanaingia kwa wingi, mimi mtu wa Iringa nilikuwa mfamasia kwenye kambi moja huku Kigoma. Weekend nashuka Gungu, mjini Kigoma, ndiko nilikopanga.

Stoo ya dawa nilifanya na Mama Yvonne, muuguzi, naye mkimbizi. Ufunguo alikaa nao yeye.

Tukaletewa kifaa cha majaribio, kinaenea kiganjani. Kinamulika kidonge kwa mwanga wa infrared, ule usioonekana kwa macho. Ndani kina vichujio vidogo vya kioo, kila kimoja kinapitisha aina yake ya mwanga unaorudi. Kisha kinalinganisha na kidonge cha mfano kilicho kwenye memory.

Nikapima dawa ya malaria. Taa nyekundu: haifanani.

Kopo la pili, nyekundu.

Nikaona kuna mtu anaiba dawa halisi na kuweka bandia, akili ikaenda moja kwa moja kwa mwenye ufunguo. Mbona juzi alichelewa kutoka? Mbona anabeba mkoba mkubwa hivi? (Mkoba aliubeba kila siku, sikuwahi kuujali.)

Nikaripoti. Akasimamishwa siku hiyohiyo. Dawa zikazuiwa, watoto wenye homa wakawa wanapakiwa kwenye gari hadi hospitali ya mbali.

Alipokuja kukabidhi ufunguo akauliza taratibu, "Mwanangu, boksi ambalo halijafunguliwa umelipima?"

Sikuwa nimepima.

Nikakata utepe mbele yake, nikapima. Nyekundu.

"Na humo niliingiaje?"

Hapo nikaanza kumshuku msambazaji, aisee. Sampuli zikaenda maabara.

Majibu: dawa iko kamili. Vidonge vilitoka kiwanda tofauti na kile cha mfano, unga wa kujazia kidonge, ambao si dawa, ndio haukufanana. Kwa vichujio vichache vile, kifaa kiliona tofauti tu, hakikujua ni ya nini. Mwizi nilimtunga mimi.

Nilimfuata hemani kwake, nikamwomba radhi mbele ya wanawe. Akakubali kurudi.

"Ila stoo nitaingia ukiwepo. Usipokuwepo, nakaa nje."

Mpaka namaliza mkataba, kila asubuhi nilimkuta amesimama mlangoni ananisubiri.

Nilichojifunza: kifaa kikisema haifanani, uliza kwanza haifanani na nini, kabla hujataja jina la mtu.

Wenye uzoefu na vipimo hivi, mmewahi kukutwa na kama haya? Semeni, hata kama ni kunisema mimi.