Mesaji ya Saa Nne na Dakika Arobaini na Mbili

Nkulu alifundisha miaka kumi na mmoja katika chuo kikuu kimoja cha Katanga. Somo lake lilikuwa usalama wa kompyuta, na namna ya kutafuta ushahidi ndani ya simu. Vita vilipomleta hapa kijijini Kafutuma, ng'ambo ya mpaka, alifungua kibanda cha kuchaji simu kwa sola. Watu walimwita Profesa, wengine kwa heshima, wengine kwa kumcheka.

Kila mwenye simu alibandika utepe mgongoni mwa simu yake, wenye jina na namba ya siri, ili akitafutwa, kibanda kijibu: "Mwenyewe yuko shamba." Chuoni Nkulu angemfukuza mwanafunzi kwa jambo hilo. Hapa, aliniambia, ukikataa utepe watu wanasema unawaona wezi. Basi aliukubali, akafungua daftari la saa za kuingia na kutoka.

Ijumaa moja niliitwa kanisani kuandika, kwa kuwa mimi ndiye katibu wa kanisa. Chouchou, binti wa Mama Florence muuza chisense, wale samaki wadogo wakavu, alikuwa aolewe kesho yake na Dan wa kijiji cha Puta. Lakini baba yake Dan, Mzee Octave, alikuja amekasirika, akasoma simu yake mbele ya watu wote:

"'Mutoto wangu hataki tena Dan. Musikuje.' Imetoka Jumatano, ku namba ya Florence. Ndoa imekwisha."

"Haiko mimi!" Florence alipiga kelele. "Mzee, kwa jina la Mungu, haiko mimi!"

"Telefone yako inaandikaka yenyewe?"

Chouchou alikaa chini sakafuni. Pasta akamwita Nkulu.

Alipokea simu ya Florence, akaikata kwanza kwenye mtandao, kisha akaifungua polepole.

"Ilitumwa kweli," alisema. "Jumatano, saa nne na dakika arobaini na mbili."

Watu waliguna. Nkulu alifungua daftari lake. Simu ya Florence iliingia kibandani saa tatu kasorobo, ikatoka saa nane.

"Ilikuwa kwangu."

"Ah, Profesa!" Mama Mwewa aliropoka kutoka nyuma. "Kumbe ni weye ulikatala mukwe?"

Watu walicheka. Nkulu hakucheka. Alikuwa anatazama ukurasa ule, uso umemkauka.

"Jumatano nilikuwa boma, kwenye ofisi za wilaya, tangu saa mbili," alisema. "Haya si maandishi yangu."

Kicheko kikafa. Hakuna asiyejua nani hukaa kibandani Nkulu akienda boma. Vichwa viligeuka kwenye benchi la kina mama, alipokaa Yolande, mke wake.

"Yolande," alisema, sauti ndogo kabisa.

"Usiniulize!" Yolande alisimama. "Ni mimi. Miaka mbili Pierrette, mutoto wa dada yangu, alimungojea Dan. Miaka mbili! Alafu huyu Florence anakuja na chisense yake, anamukamatia mutoto wake."

Florence alimwendea, akasimama karibu naye kabisa. Nilidhani atampiga.

"Siku tulikimbia vita, Chouchou ulimubeba mugongoni kutoka Pweto," alisema. "Alikuwa na homa. Mimi nilikuwa nimechoka, na ni weye ulimubeba."

Yolande alitoka nje bila kufunga kitenge chake vizuri.

Mzee Octave alivua kofia. "Mama Florence, utusamehe. Kesho tunakuja, na ngoma."

Florence aliitika kwa kichwa tu. Chouchou alilia kwa sauti.

Mimi nilikuwa nimeacha kuandika. Nkulu alikuja mezani kwangu, akasoma mstari wa mwisho: simu ilitumiwa na mtu wa kibandani.

"Hapana, ndugu yangu," alisema. "Ukiacha hivyo, watu watasema Florence ndiye alimutuma huyo mutu, watabaki wanamushuku mpaka afe. Andika jina."

"Ni muke wako, Profesa."

"Andika. Yolande Nkulu. Na saa."

Niliandika. Alingoja mpaka nikamaliza, akatia sahihi chini yake, akabaki amekaa pale, hajui aelekee wapi.