Kamusi Mbili Zenye Jina Moja

Kezia Ndayikunda hakuwahi kumheshimu mtu kwa sababu ya shati. Alizaliwa kambini, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka Burundi, akapata uraia akiwa binti mkubwa. Kompyuta alijifunza kwa kufungua mashine mbovu zilizotupwa na mashirika. Sasa alikuwa fundi wa maabara katika chuo kimoja cha ualimu pale Kasulu, akitunza mashine kumi na nane kuukuu. Zote aliziendesha kwa Linux, maana mfumo mwingine zisingeuweza.

Ndipo mkuu wa chuo akamleta Salumu, mtaalamu kutoka Dar, mwenye vyeti vitatu na manukato yaliyomtangulia mlangoni. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuweka kamusi ya Kiha, lugha ya wenyeji wa pale, iliyotengenezwa na Mwalimu Niyubahwe wa Kibondo, wanachuo waitumie kwenye mtihani wa Jumatatu.

Kompyuta ilikataa. Ilisema wazi kwamba programu hiyo mpya inaleta faili linaloitwa "kamusi", wakati faili lenye jina hilo hilo, mahali hapo hapo, ni mali ya kamusi ya Kiswahili iliyokuwemo tangu zamani.

"Hizi huwa zinatishia tu, dada," Salumu alisema. "Unazilazimisha."

"Umesoma ilichoandika?"

"Dada yangu, mimi kazi hizi nimezifanya miaka."

"Nimekuuliza kama umesoma."

Salumu aliandika amri ya kulazimisha, mashine moja baada ya nyingine, huku akipiga mluzi. Kezia alimtazama kama anayemtazama mbuzi aliyepanda mezani. Angeweza kumzuia. Hakumzuia, kwa sababu alitaka kumwona akiumbuka.

Hakusubiri sana. Kila aliyefungua kamusi ya Kiswahili alipewa maneno ya Kiha. Salumu akatokwa jasho, akaiondoa ile programu mpya haraka haraka, nayo ikaondoka na faili lenyewe. Sasa hapakuwa na kamusi hata moja. Ilikuwa Ijumaa alasiri. Salumu akasema ana kikao mjini, akapotea.

"Kikao!" Kezia alisema peke yake, akasonya.

Jumamosi asubuhi alirudisha kwanza kamusi ya Kiswahili. Kisha akaifungua ile ya Kiha, akalibadili jina la faili likawa "kamusi-kiha", akarekebisha pale programu inapoliita, akaifunga upya tayari kuwekwa kwenye mashine. Akaijaribu kwenye mashine moja. Zote mbili zikafunguka, kila moja na maneno yake. Alipomaliza mashine zote alimpigia Niyubahwe.

"Shikamoo mwalimu. Jina uliloliweka lina mwenyewe."

"Marahaba. Kwani Kiha hakistahili kuitwa kamusi? Miaka minne nimekusanya maneno hayo!"

"Kinastahili. Wewe ndiye uliyeingia bila kubisha hodi."

Mwalimu akasema atalibadili. Wiki mbili baadaye toleo jipya lilikuja likiwa na jina jipya, na shukrani kwa "wataalamu wa chuo". Kezia alisoma neno hilo, wataalamu, akacheka kwa dharau.

Mtihani wenyewe, ile Jumatatu, ulipita salama. Mkuu wa chuo alimshukuru Salumu mbele ya wanachuo wote, naye akasimama na kuinamisha kichwa kama bwana harusi. Jioni ile ile alikuja maabara, akafunga mlango nyuma yake.

"Dada Kezia, samahani. Ulifanyaje? Nina vyuo vingine viwili vinanisubiri."

Kezia alitamani kumfukuza. Lakini wanachuo wa huko walikuwa wamemkosea nini? Na ile Ijumaa, yeye mwenyewe alipokunja mikono na kutazama, bado ilimkera. Akavuta kibodi, akamwonyesha tangu mwanzo, polepole, kama anayemfundisha mtoto kunawa. Kiti hakumpa. Salumu aliandika akiwa amesimama, na kila alipokosea Kezia alimfanya afute aanze tena.