Kaburi la Rehema Kwenye Kompyuta

Wenzangu, mkiniona Garsen nimeshusha kofia hadi puani, msiniulize. Nawaeleza hapa hapa.

Nafanya kazi saiba, pale watu wanapolipia kutumia kompyuta na intaneti. Wateja wakikosekana, hucheza mchezo wa zamani wa kompyuta, ule wa kuongoza mashujaa wenye panga na uchawi. Hadithi yake imo pia kitabuni, nami nimekisoma hadi jalada likang'oka. Mle, tabibu anaolewa na shujaa. Basi shujaa nikamwita jina langu, Komora, na tabibu nikamwita Rehema, kama yule binti anayetuletea mahamri. Sijawahi kumwambia neno zaidi ya "niongeze mawili."

Jana, mchezoni, niliwavusha wawili hao mto bila dawa. Dude la majini likammeza Rehema. Mchezo ukaniruhusu nimwandikie kaburi. Nikaandika huku nalia, machozi ya kweli jamani.

Mama Halima, muuza maziwa, akachungulia. "Mwanangu, kuna nini?"

"Rehema amekufa, mama. Mtoni. Mimi ndiye niliyemvusha."

Nilidhani ameona kioo cha kompyuta. Kumbe ameshageuka na kidumu chake. Kwetu msiba haungoji, unaacha biashara unakwenda. Maziwa yote akayapeleka kwa kina Rehema, akiita majirani njiani.

Punde mlango ukajaa watu. Mbele yao Rehema mwenyewe, mikono imejaa unga.

"Nani kaniua?"

Nikarukia kompyuta niizime. Nikachelewa. Alishainama, akasoma kwa sauti: "Hapa amelala Rehema, mke mpenzi wa Komora."