Wifi Yangu Alivyokuja Kunipeleleza Jukwaani

Wifi yangu ndiye aliyeanza. Kaja kwangu kutoka Michenzani, jasho linamtiririka, hata buibui hajavua: "Wifi, nasikia unasoma muziki! Na kuigiza ati unaigiza! Wewe, mama wa watoto wanne?"

"Nnasoma," nkamwambia. "Jioni, nkishapika."

Kaka yake, mume wangu, alishasema lake: maadam sala zako na hijabu yako viko pale pale, nenda. Lakini wifi hakuja kumuuliza kaka yake.

Chuo kipo Mji Mkongwe, cha watu wanaosoma baada ya kazi. Mimi nasoma kuimba na kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu. Wenzangu wengi vijana. Nyuzi za kanuni mpaka leo hawajui kuzitia sawa, lakini picha walizopiga wameipakata kanuni, simu zimejaa. Nkipitia soko la Darajani nkaja na samaki wangu kwenye kikapu, wanaziba pua. Na mwalimu wa maigizo, ikiadhiniwa magharibi nkaenda kusali, hukunja uso kama kalishwa ndimu. Akunje.

Wifi akatoka kwangu moja kwa moja kwa Bi mkubwa wa kikundi chetu cha maulidi cha wanawake. Kwenye kikundi hicho mimi ndiye naanzisha kasida za kumsifu Mtume, tangu sijazaa. Ijumaa nkaitwa.

"Mwanangu," Bi mkubwa akasema, "mwenye kupanda jukwaani hawezi tena kutuanzishia maulidi. Chagua."

Wifi kakaa pembeni anajipangusa macho kwa ncha ya kanga, ati ananionea huruma. Macho makavu! Na ni hao hao, pakiwa na harusi ya taarabu, huwatoi mstari wa mbele hata kwa maji ya moto.

Roho iliniuma. Kile kikundi ndicho kilichonilea, na chuo nshakitolea jasho. Nkasema, "Bi, njooni mtihani wangu mnione. Mkiniona nimevua mtandio au nimetamka la haramu, naondoka mwenyewe."

Mtihani ulikuwa mchezo wa kuigiza. Mimi ni mama aliyegundua jirani yake anamsengenya, namwimbia. Mwalimu alitaka nivue mtandio nijivute nywele, watu waone uchungu. Nkamwambia uchungu wangu mimi haukai kwenye nywele.

Siku ikafika. Bi mkubwa na wifi wakakaa mbele kabisa, midomo wameibana kama makadhi. Nyuma yao, sijui nani kamwalika, kakaa jirani wa wifi wa ghorofa ya juu, yule ambaye hawasemeshani kwa sababu ya maji yake ya kufulia yanayodondokea nguo za wifi.

Nkaimba. Nkafika penye, "Kikombe changu wanywea, na jina langu walila."

Wifi huyo, kainuka.

Kwenye taarabu hilo ni la kawaida: maneno yakimfaa adui yako, unainuka na noti, unampitia karibu ajue ni yeye, unakwenda kumtunza mwimbaji. Lakini huu mtihani! Wifi hana habari. Noti kaipandisha juu, kamzunguka jirani yake, mabega yanacheza, kapanda mpaka jukwaani kanibandika noti mkononi. Jirani naye hakukubali, kainuka na noti yake.

Mwalimu akatoka mbio pembeni. "Bi, kaa! Huu mchezo wa kuigiza!"

"Kaa wewe!" wifi akamjibu, wala hakumtazama.

Na kutoka mstari wa mbele nkasikia sauti nnayoijua: "Rudia hapo, mwanangu, rudia!" Bi mkubwa. Kasahau alikuja kufanya nini.

Nkarudia. Mtandio wangu kichwani, sauti yangu mahali pake. Mwalimu alinipasisha huku kanuna, kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa umesimama.

Ijumaa iliyofuata nkaenda kwenye maulidi, nkakaa mahali pangu pa siku zote. Wifi kashika mrashi, anatunyunyizia marashi, akifika kwangu macho anayashusha kwenye mkeka. Hakuna aliyetaja kuchagua.

Bi mkubwa akakohoa. "Haya, mwanangu. Tuanzishie."

"Nani, Bi? Mimi huyu wa jukwaani?"

Bi mkubwa akajitia kutengeneza mtandio wake. Nkamwacha autengeneze mpaka ukakaa. Kisha nkapiga bismillahi, nkaanza.