Dawa Isiyonuka

Kiwavijeshi simheshimu. Anakaa ndani ya moyo wa mhindi, anakula na kunya papo hapo. Hata nguruwe hutafuta kona. Lakini yuko mtu ninayemdharau kuliko kiwavi, naye ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, wa kule Mwandoya, anayejiita fundi wa dawa kwa sababu tu ana bomba la kupigia pamba.

Msimu uliopita pamba tulipanda kidogo. Mahindi ndiyo yalikuwa chakula chetu chote, na viwavi waliingia yakiwa yanafika magotini. Bibi shamba, binti wa juzi tu, akatuletea unga mweupe kwenye pakiti. Akasema humo mna kuvu, ndugu yake ile inayoota kwenye ugali uliolala. Ikimgusa kiwavi inaota juu ya ngozi yake, inatoboa, inaingia, inamla kutoka ndani mpaka anakauka kama kijiti. Kisha inatoka nje na kupeperukia wenzake. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini hilo nililielewa, maana nimewahi kupokea wageni wa namna hiyo.

"Pigeni jioni, jua huiua," akamwambia mke wangu. "Msichanganye na kitu. Na hawafi leo, mayu, mama yangu, uvumilie."

Mke wangu akapiga upande wa mtoni. Upande wa barabarani tukamwachia kaka yake. Akanusa pakiti.

"Dawa gani hainuki? Huu si unga wa muhogo?"

"Piga hivyo hivyo, kaka."

"Wewe nenda kapike. Dawa niachie mimi."

Huku kwetu mtu akiona dawa imepoa huiongezea nyingine iwe kali. Pamba tumeiogesha michanganyiko hiyo miaka na miaka. Basi akachota dawa yake ya nyanya, ile ya kuzuia ukungu, akaikorogea humo humo. Dawa ya kuua ukungu, ndani ya dawa ambayo yenyewe ni ukungu! Unaajiri mlinzi, halafu unamnywesha sumu getini. Na tulijua kwa sababu alijisifu mwenyewe, akiwa ameshiba.

Kesho yake viwavi walikuwa hai shamba zima, akamcheka dada yake. Siku zikapita. Upande wa mtoni mke wangu akaanza kuwakuta wameganda kwenye majani, wakavu, wamevaa manyoya meupe. Upande wa barabarani walinenepa tu.

Tukavuna nusu ya chakula cha mwaka. Mabua ya barabarani nikafungulia ng'ombe. Baadaye shemeji akaja kututembelea, akasimama zizini akiwatazama.

"Ng'ombe wamenawiri, shemeji. Si unaona kazi ya dawa yangu?"

Mke wangu akampakulia michembe, viazi vikavu vya njaa. Ugali ulikuwa wa upande wa mtoni, tukaula sisi, mbele yake.