Viti Viwili vya Msomi

Kila asubuhi, kabla hajapiga mswaki, Msomi alipanga viti viwili sebuleni kwa shangazi yake, akaviachanisha ili mkono wa aliyekaa huku usimfikie aliyekaa kule. Tangu mtaa usikie kwamba binti huyu anasoma shahada ya sosholojia, yaani elimu ya jamii, kila mwenye ugomvi aliletwa kwake. Alishaeleza mpaka koo likamkauka kwamba hakusomea kupatanisha watu.

"Sasa hiyo jamii ni nani kama si sisi?" shangazi alimjibu.

Mwaka wa mwisho ulimkuta macho yamemwingia ndani kwa uchovu. Mtihani mmoja alikuwa ameukosa kwa sababu ya mashemeji waliogombea kabati la marehemu. Kama angeukosa tena, chuo kingemfuta.

Asubuhi ya kuurudia, fundi viatu na mkewe walikuwa wameshakaa, wamenuniana.

"Wasikilize kidogo tu, mwanangu. Mtihani haukimbii," shangazi alisema.

"Huu unakimbia, shangazi."

"Mwanamume huyu anakoroma makusudi!" mke akaanza.

"Makusudi vipi, na mimi nimelala?"

Msomi alitaka kucheka, lakini hata kicheko kilikuwa kimechoka. Alianua nguo zake kambani, akazisokomeza kwenye mkoba pamoja na vitabu.

"Ongeeni tu," aliwaambia. "Mnajuana kuliko ninavyowajua."

Akatoka. Shangazi aliwaahidi wageni kwamba Msomi angerudi jioni, akawapikia chai wamngojee. Chai ikapoa. Msomi hakurudi jioni ile, wala nyingine yoyote.